Mwambao haukukodishwa kwa miaka 50

Nimeusikia uvumi huu barazani tangu utotoni: ati Mwambao, yaani ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, ulikodishwa kwa miaka 50, na mwaka 2013 ungerudi Zanzibar. Wengi waliuamini kwa dhati, na si ajabu, kwani nyuma yake yapo mambo ya kweli.

Mkataba wa Desemba 1895 uliwapa Waingereza usimamizi wa Mwambao, lakini enzi ilibaki kwa Sultani wa Zanzibar, aliyelipwa kila mwaka. Ndiyo maana hata baada ya 1920 bara liliitwa koloni na pwani himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa.

Uhuru ulipokaribia, wapo waliotaka Mwambao ujitenge. Mwaka 1961 kamishna Mwingereza, Sir James Robertson, alitumwa kuchunguza, akapendekeza uunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963, London, yalitiwa saini makubaliano ya kumaliza enzi ya Sultani siku Kenya itakapopata uhuru. Hayakuweka muda wa kurudisha, wala kodi.

Kilichoahidiwa kimo katika barua za Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar: uhuru wa dini, mahakama za kadhi, kutambuliwa kwa hati za ardhi. Kwa maoni yangu, anayedai haki ya Mpwani aanzie hapo. Mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya 2010; malalamiko ya ardhi bado yanasikika Kwale hadi Lamu.