Ukitaka Habari za Mto, Geuza Jiwe

Mvua ikinyesha bara, watu wa Malindi hujua bila kuambiwa. Sabaki hushuka na udongo wake, na bahari mbele ya mji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Udongo huo kila mtu anauona. Kinachotupa kazi sisi wa maabara ni kile kisichoonekana, maana mto huu umetoka mbali: Mto Nairobi huingia Athi, Athi hukutana na Tsavo ukaitwa Galana, na kwetu huku ndio Sabaki.

Chupa ya maji tunayoipeleka maabara husema kweli, ila ni kweli ya saa ile tu. Uchafu uliomwagwa usiku wa Jumatatu, ukija kuchota Alhamisi, ushapita zamani. Mdudu aliyejishika chini ya jiwe hakupita nao. Kama uchafu ulimshinda alikufa, na utalijua hilo kwa kumkosa.

Kazi yenyewe haina makuu. Unatega wavu upande maji yanakoelekea, unayachokonoa mawe kwa miguu dakika mbili hivi, unamimina ulichopata kwenye trei nyeupe. Kisha unatulia. Mwanzoni ni majani na mchanga mtupu, halafu jani moja linatembea. Ukiinama utaona mikia mitatu myembamba kama nywele, na matamvua ubavuni yakipepea bila kupumzika. Huyo ni buu wa mdudu aitwaye kwa Kiingereza mayfly, na hapendi maji machafu. Mwenzake wa mikia miwili, stonefly kwa Kiingereza, anayekaa kwenye mawe ya maji yaendayo kasi, ni mwepesi zaidi wa kukimbiwa na uhai hewa ikipungua majini.

Ukikuta mabuu mekundu ya usubi na nyungunyungu wa tope peke yao, ingia wasiwasi. Wekundu ule ni himoglobini, kama ya damu yetu. Ndiyo inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Katika SASS, mfumo wa kupima hali ya mto kwa wadudu wake uliobuniwa Afrika Kusini, kila jamii ya wadudu ina alama kati ya 1 na 15: nyungunyungu hupewa 1, mabuu ya usubi 2, yule wa mikia miwili 12. Jumla ya alama hugawanywa kwa idadi ya jamii zilizopatikana; wastani ukiwa mkubwa, mto una hali nzuri zaidi.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Karibu na daraja la Sabaki chini ni mchanga unaohamahama, na kuelekea mlango wa mto, unapoingia baharini, maji ya chumvi hupanda na bamvua. Wadudu wa mawe hawatakuwepo hapo hata mto ukiwa safi kama machozi. Linganisha mchanga na mchanga, kiangazi na kiangazi, na baada ya mafuriko subiri wiki kadhaa wadudu warudi.

Trei iliyojaa wadudu wazuri haimaanishi maji yanyweke. Vijidudu vya kipindupindu havimsumbui buu wa kereng'ende. Chemsha. Na kabla hujaingia mtoni na wavu wako, waulize wavuvi viboko wamelala wapi leo.