Baiskeli Dar es Salaam: jihadhari na ubavu wa kushoto wa lori

Uliza mtu yeyote Dar es Salaam namna ya kuendesha baiskeli bila kugongwa, atakujibu: kaa pembeni. Mama humwambia hivyo mwanawe anapomtuma dukani, na konda wa daladala humfokea hivyo muuza madafu. Ushauri huo una nusu ya ukweli. Nusu ya pili, ile isiyosemwa, ni kwamba pembeni kabisa, ubavuni mwa gari refu linalokaribia kukata kona, ni mahali pa hatari kuliko katikati ya foleni.

Chukua makutano yoyote kwenye Barabara ya Mandela, ambako maroli ya makontena hutoka bandarini kupitia Tazara na Buguruni kuelekea Ubungo. Taa ni nyekundu, lori limesimama, na kushoto kwake pamebaki upenyo wa kama mita moja hadi ukingo wa barabara. Mpanda baiskeli anapenya, anasogea mpaka usawa wa mlango, anaweka mguu chini. Dereva wetu anakaa kulia, juu sana. Mtu aliye chini ya dirisha la kushoto hamwoni kwa macho, na mara nyingi hata kwenye kioo hayumo.

Taa ikiwaka kijani, lori linalotaka kwenda kushoto kwanza linajivuta kulia kidogo ili lipate nafasi ya kugeuka. Upenyo unapanuka, na mpanda baiskeli anadhani amepishwa. Kisha kichwa kinageuka kushoto. Matairi ya tela hayafuati njia ya matairi ya mbele. Yanakata kwa ndani na kuufuata ukingo kwa karibu sana, na aliyekaa pembeni anabanwa kati ya tela na zege. Mwendo wa lori wakati huo unaweza usizidi kilomita 10 kwa saa. Hapa anayeua si mwendo kasi, na hata dereva mwenye nidhamu anaweza kuua bila kujua amegusa kitu.

Kwa hiyo, lori au basi likiwa limesimama kwenye mataa, baki nyuma yake. Usipite kushoto hata kama nafasi ni pana na hata kama indiketa haijawashwa. Kuna kipimo chepesi: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni.

London, ambako watu huendesha kushoto kama sisi na hivyo hatari iko upande uleule, jiji liliamua kutowaachia wapanda baiskeli mzigo huu peke yao. Tangu Machi 2021, lori la zaidi ya tani 12 haliingii mjini bila kibali kinachotegemea kiasi ambacho dereva anaweza kuona kwa macho yake mwenyewe kutoka kwenye kiti. Lisilofikia kiwango lazima lifungwe vifaa vya ziada, na masharti yalikazwa tena Oktoba 2024. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria ya namna hiyo ili tuanze. Kioo cha mbinuko juu ya mlango wa kushoto si ghali, na vyuma vya ubavuni vinavyozuia mtu kuingia chini ya tela hata fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kuvifunga. Halafu tuna kitu ambacho London hawana: utingo. Anakaa kiti cha kushoto kabisa, dirisha liko begani pake. Mwenye maroli akimfundisha jambo moja tu, kwamba kabla ya kila kona ya kushoto achungulie chini na kusema "safi" au "bado", atakuwa ameokoa watu bila kutumia senti.

Turudi pembeni. Ukiwa unaendesha na barabara iko wazi, acha kama mita moja kutoka ukingoni. Wengi hawapendi kusikia hili, maana inaonekana kama kiburi. Lakini ukingoni ndipo kuna mchanga, vipande vya chupa, mashimo yaliyojaa maji na mitaro ambayo mifuniko yake imeibwa. Ukiwa sentimita 20 kutoka mtaroni huna pa kukwepea isipokuwa kulia, ghafla, mbele ya gari ambalo halikutarajia. Tena dereva akiona umejibana kabisa hushawishika kukupita ndani ya njia ileile huku kioo chake kikipapasa kiwiko chako. Ukishika mita moja, atalazimika kuamua: anahama njia au anasubiri. Uhispania, Ujerumani na nchi nyingine zimeandika kwenye sheria kwamba anayempita mwendesha baiskeli aache angalau mita 1.5. Hata bila kuandikiwa, dereva wa Dar anaweza kuukadiria umbali huo: ni kama urefu wa mtu mzima aliyelala kwa kupinda magoti.

Mita hiyo moja inafaa pia kwenye magari yaliyoegeshwa. Mlango ukifunguliwa ghafla huna muda wa kushika breki. Nawe mwenye gari, ukitaka kushuka upande wa kulia fungua mlango kwa mkono wa kushoto, ule wa mbali. Bega litageuka lenyewe, na macho yatatazama nyuma kabla mlango haujatoka.

Daladala zina tabia zake. Iliyosimama kituoni usiipite kushoto, abiria wanashuka huko. Na foleni ikiganda, tegemea wanaotanua: gari litaacha lami, lipite kwenye vumbi ulikodhani ni kwako, tena bila honi. Huyu hana sheria inayomlinda, ila wewe huna bodi ya chuma. Mpishe kwanza, lawama baadaye.

Kuna wanaoendesha kwa kuelekeana na magari, wakisema ni afadhali kuona kinachokuja. Kwa mtembea kwa miguu hoja hiyo ina mashiko. Kwa baiskeli haina. Gari likiwa kilomita 50 kwa saa na wewe 15, mkienda upande mmoja linakukaribia kwa tofauti ya 35. Mkielekeana mnakaribiana kwa 65, na muda wa kila mmoja kufikiri unakatika karibu nusu. Zaidi ya hapo, dereva anayetoka barabara ya mtaani akikata kushoto hutazama kulia tu, kwa sababu ndiko magari yanakotoka. Wewe unayetoka kushoto kwake humo katika hesabu yake.

Sasa mwendo kasi. Sheria yetu inasema kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi, na kila mtu anajua usiku Barabara ya Bagamoyo inakuwaje. Piga hesabu pamoja nami. Dereva wa kawaida huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki. Akiwa kwenye 50, gari limeshakwenda mita 21 kabla breki haijaanza kushika. Lami ikiwa kavu, litasimama kwenye mita 35 hivi. Akiwa kwenye 30, anasimama ndani ya mita 18. Maana yake, pale ambapo gari la 30 limeshasimama kabisa, la 50 bado halijapunguza hata kidogo. Mtu huyohuyo, kosa lilelile, na matokeo ni kelele za breki au jeneza. Ndiyo sababu mataifa, kwenye azimio la Stockholm la 2020, yalikubaliana kwamba pale magari yanapochanganyika na watu wasio na bodi, kikomo kiwe 30.

Na hapa Dar tuna ushahidi kwamba mwendo hupunguzwa kwa zege kuliko kwa mabango. Mradi wa SARSAI ulijenga matuta, vivuko na njia za miguu kuzunguka shule za msingi; majeruhi wa ajali kwenye maeneo hayo wakapungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mradi ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji. Haukuwa mradi wa baiskeli, lakini tuta halibagui: gari lililopungua mbele ya mtoto limepungua pia mbele ya baba yake aliyebeba mkate kwenye keria.

Kuhusu njia za baiskeli zenyewe, mfano mkubwa ni Barabara ya Morogoro. Mwendokasi, yale mabasi marefu yenye njia yake peke yake, ilipoanza mwaka 2016, kando yake zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, kitu ambacho barabara nyingi za mji huu hazina. Pita leo Manzese au Magomeni jioni. Meza za viatu, bodaboda zinazosubiri abiria, gari lililopandishwa juu kwa dakika tano zisizoisha. Mpanda baiskeli anashuka lamini, na wajasiri huingia njia ya mwendokasi kwa kuwa ni nyororo na tupu. Wasifanye hivyo: basi la mita 18 halina pa kukukwepea. Ila nasema wazi, siwalaumu wao wala machinga kwanza. Njia inayofunguliwa bila kuamua nani atailinda kila siku, na inayoishia ghafla kwenye makutano bila kukuonyesha pa kupita, imejengwa nusu. Makutano ndiyo sehemu ngumu na ghali, ndiyo maana michoro mingi huyakwepa.

Kofia ngumu? Vaa. Inapunguza sana majeraha ya kichwa ukianguka. Lakini viwango vya Ulaya huipima kwa kishindo cha karibu kilomita 20 kwa saa, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba itakukinga na Fuso. Taa ina kazi kubwa zaidi kuanzia saa moja jioni: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Anayebeba gunia la mkaa au madumu ya maji aangalie jambo dogo: mzigo hufunika taa na kiakisi mwanga vya kwenye matagadi. Vifunge nyuma ya mzigo wenyewe, si kwenye baiskeli.

Na ukigongwa, usikimbilie kumalizana na dereva kwa noti mbili hapo hapo. Jeraha la tumbo au la kichwa linaweza kukaa kimya hadi kesho yake. Chukua namba ya gari, piga picha mahali palipotokea kabla magari hayajasogezwa, mwite trafiki apime na kuchora. Tibiwa kwanza, mwenzako aende kituoni kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Kila gari linalotembea barabarani lazima liwe na bima, angalau ile ndogo, ambayo wengi hudhani ni ya kumridhisha trafiki tu. Kazi yake ni kumfidia mtu wa tatu aliyeumizwa, na mpanda baiskeli ni mmojawapo. Uhai wa bima hiyo unahakikiwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na madai hupelekwa kwa kampuni iliyoikata, pamoja na PF3, ripoti ya polisi na kila risiti ya hospitali, hata ile ya panadol.