Pengo la taya: simenti kwanza, mfupa baadaye

Mapengo mengi ya taya la chini, yaani sehemu ambapo mfupa wenyewe umepotea, tunayoyaona Mwanza yana vyanzo viwili: ajali ya bodaboda, na uvimbe wa taya uitwao ameloblastoma uliolelewa miaka hadi ukala mfupa. Swali la mgonjwa siku hizi nalijua kabla hajakaa: "Daktari, zile seli shina za kwenye simu haziwezi kuniotesha taya?" Haziwezi, si kwa sindano. Mfupa mpya unataka seli hai, kiunzi cha kuzishika, vichocheo vya ukuaji, damu ya kutosha na mahali pasipotikisika. Matangazo huuza seli na vichocheo. Kazi zetu huharibiwa na mate, mtikisiko na uhaba wa damu.

Vichocheo vyenyewe si uzushi. Marshall Urist alionyesha mwaka 1965 kwamba mfupa uliotolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli, huzalisha mfupa mpya. Mwaka 2004 Patrick Warnke na wenzake wa Kiel, Ujerumani, walieleza jinsi walivyokuza taya ndani ya msuli wa mgongo wa mgonjwa kwa wiki saba, kwenye wavu wa titani wenye BMP-7, protini inayochochea mfupa kuota, na uboho wake mwenyewe. Marekani iliruhusu nduguye, BMP-2, mwaka 2007 kwa kazi chache za mfupa unaoshika meno. Lakini protini hiyo ni ghali, huvimbisha uso vibaya, na haiwekwi palipotolewa uvimbe. Kwa hiyo nusu ya wagonjwa wetu imeshaondolewa kwenye hesabu.

Tulicho nacho mkononi ni fibrini ya damu ya mgonjwa mwenyewe, yenye chembe sahani (zinazogandisha damu) na chembe nyeupe; wenzangu huiita PRF. Chota mililita 9 hadi 10 kwa kila chupa, chupa ya kioo isiyo na dawa yoyote. Ya kifuniko cha zambarau haifai kabisa, kwa kuwa ina dawa ya kuzuia damu isigande. Iwe imeanza kuzunguka kwenye mashine ya kutenganisha damu ndani ya dakika mbili: mizunguko 2,700 kwa dakika, kwa dakika 12. Namba hiyo ni ya mashine ndogo ya mezani. Ukiihamishia kwenye mashine kubwa ya maabara, nguvu inazidi na chembe zinasukumwa chini kwenye damu nyekundu. Lenga nguvu ya takriban mara 400 ya uvutano. Umeme ukikatika katikati, mwaga, chota upya. Damu imeshaanza kuganda ikiwa haijatengana, na kuizungusha tena hakusaidii.

Bonge la manjano lililo katikati ndilo unalolitaka. Likate ukiacha milimita moja au mbili za sehemu nyekundu, maana chembe nyingi zimejazana hapo mpakani. Libane taratibu liwe utando, ulaze chini ya mshono wa fizi. Husaidia nyama kufunga. Pengo la sentimita tano halizibi, na anayekuambia linaziba muulize picha ya CT ya baada ya miezi sita.

Kwa pengo kubwa lenye historia ya usaha, mimi napendelea njia ya hatua mbili aliyoianzisha Mfaransa Alain-Charles Masquelet kwa mifupa mirefu. Hatua ya kwanza: toa mfupa wote uliokufa mpaka kingo zitoe damu, funga pleti ya titani yenye skrubu zisizopungua tatu kila upande, kisha jaza pengo kwa simenti ya mfupa (plastiki ya kitabibu inayogeuka ngumu) yenye gentamisini, dawa ya kuua bakteria. Simenti huchemka inapokauka, kwa hiyo idondoshee maji ya chumvi baridi mfululizo. Baada ya wiki sita hadi nane mwili unakuwa umeivika utando wenye mishipa ya damu, unaotoa vichocheo vyake wenyewe bila kununuliwa. Hatua ya pili: pasua utando, toa simenti, shindilia mfupa laini wa nyonga, mililita 10 kwa kila sentimita ya pengo. Nyonga ya mbele hutoa hadi mililita 50. Ukihitaji zaidi, mgeuze mgonjwa uchukue ya nyuma. Ukiongeza uboho, usivute zaidi ya mililita mbili au tatu mahali pamoja. Zaidi ya hapo unavuta damu tupu.

Hatua ya pili ipitie chini ya taya, nje ya kinywa. Tundu dogo tu la kuingiza mate linatosha kuozesha kipandikizi chote. Na pale ambapo ngozi au fizi yenyewe haipo, au eneo limepigwa mionzi, usihangaike na utando: hapo unatakiwa mfupa wa fibula, ule mwembamba wa mguu chini ya goti, unaohamishwa na mishipa yake.

Kinachotuvuruga zaidi hakimo kwenye vitabu vya upasuaji. Baada ya hatua ya kwanza uso umenyooka, maumivu yameisha, na mvuvi wa Ukerewe haoni sababu ya kurudi. Pleti inabeba kazi ambayo haikukusudiwa kuibeba muda mrefu, na mwishowe inakatika. Kwa wavuvi wa dagaa napanga tarehe kwenye mbalamwezi, wakati taa hazivuti dagaa na mitumbwi imepumzika. Tarehe ya kwenye giza ni sawa na kutompa tarehe.

Matabibu wa zahanati na vituo vya afya, nanyi mna sehemu yenu. Kipande cha mfupa kilichoshikamana na nyama msikitupe, hata kikining'inia. Kirudisheni mahali pake, funikeni kwa shashi yenye maji ya chumvi, mumpe mgonjwa rufaa siku hiyohiyo. Spiriti na haidrojeni peroksaidi zisimwagwe kwenye kidonda, zinaua seli zilezile tunazozitegemea. Na mgonjwa aliyevunjika taya asisafirishwe kwa kulazwa chali: ulimi hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa.