Kugawana majukumu hospitalini: kwani sista anafanya kazi ya nani?

Ingia wodi yoyote hapa Kisumu usiku, iwe ile hospitali kubwa ya Russia (Jaramogi kwa nyinyi wageni) ama hospitali ndogo ya mtaani, mwenye utamkuta ni nesi. Akiwa mwanaume wagonjwa wote wanamwita daktari, akisema yeye ni nesi wanaona anajishusha tu. Wala si ujinga wa wagonjwa, kazi zenyewe zimehama.

Hiyo kuhama ndio inaitwa kugawana majukumu. Yaani kazi iliyokuwa ya daktari ama klinikal ofisa (yule tabibu wa chini ya daktari) anapewa mtu wa kada ingine, lakini awe amefunzwa hiyo kazi, ameruhusiwa kwa maandishi, na ikimlemea kuna mtu wa kumpigia simu. Hayo matatu yakikosa hapo hujagawiwa kitu, umesukumiwa. WHO, shirika la afya duniani, walitoa mwongozo wao 2008, wakati ARV (dawa za HIV) zimefika lakini wa kuandikia watu dawa hawatoshi, na Kenya ikawa na sera yake ya 2017 hadi 2030.

Mfano mzuri uko hapa hapa Nyanza. Utafiti wa tohara uliofanywa Kisumu ulikatizwa Desemba 2006 kabla muda wake uishe, juu ilikuwa wazi tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa HIV na mwanamke. Sasa Wajaluo kwa desturi hawatahiri, kwa hivyo kampeni ilipoanza 2008 wa kutahiriwa walikuwa wengi ajabu, na madaktari wangetoka wapi? 2009 manesi wakaruhusiwa kufanya. Kuna jamaa yangu alishuka kitandani alipoona ni sista ndio ameshika mkasi, akangoja hadi akapata mwanaume, siku ya kurudi kuangaliwa kidonda akakuta ni yule yule sista ndio anafungua bandeji. Akanyamaza tu.

Huko dispensari ndio usiseme. Nesi mmoja asubuhi anachanja watoto, anapima wajawazito, anaweka kijiti cha kupanga uzazi, halafu jioni anajaza rejista pana kama meza, na mama mwenye uchungu akibisha usiku ni yeye tena. Kazi mpya ziliongezwa, za zamani hazikuondolewa, na mimi naona malalamiko mengi ya manesi yanatoka hapo.

Lakini kuna kugawana kwingine hakuna sera inataja. Kuogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, hiyo ni kazi ya nesi vitabuni, ila sote tunajua ni shangazi wa mgonjwa, mwenye beseni na thamosi, ndio anaifanya. Mwaka fulani nilikaa na mjomba wangu hospitali moja kule Nakuru, nikimgeuza venye najua, yaani namvuta mkono, tena nikikumbuka. Akatoka kidonda mgongoni. Siku ya tisa ndio sista wa zamu ya usiku, akiwa na wagonjwa wake sijui wangapi, alisimama akanionyesha: usivute mtu, kunja shuka iliyo chini yake, mshike upande ule nawe huku, mgeuze pamoja, kila baada ya masaa mawili. Ilichukua kama dakika tatu hivi.