Mchungaji Haamui Peke Yake katika Usharika wa Kipresbiteri

Kwa muda mrefu umekuwa ukizunguka katika makundi ya mazungumzo ujumbe unaodai kwamba, katika usharika wa Kipresbiteri, mchungaji ndiye mwenye mamlaka yote juu ya sadaka, na kwamba msaada unaotolewa kwa wahitaji katikati ya juma hupewa wale tu anaowateua yeye. Dai hilo si kweli. Katika utaratibu wa Kipresbiteri, ambao mizizi yake inafika Geneva ya mwaka 1541, zilipoandikwa kanuni zilizotenga huduma za wachungaji, walimu, wazee na mashemasi, usharika huongozwa na baraza la wazee waliochaguliwa na washirika. Mchungaji huongoza vikao, lakini uamuzi ni wa baraza. Kuwasaidia wahitaji ni kazi ya mashemasi, na wasipokuwapo hufanywa na wazee.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa Jumapili anayeonekana mimbarani ni mchungaji, ilhali kazi ya wazee ya kuwatembelea wagonjwa na wafiwa, ambayo kwangu ndiyo uti wa mgongo wa usharika, hufanyika kimya siku nyingine. Mwenye shaka na asome katiba ya kanisa lake, au ahudhurie mkutano wa mwaka wa usharika na kuuliza kuhusu hesabu. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.