Lenthi ni nini kwenye gemu ya kriketi, na inahusianaje na kupanga wadakaji

Lenthi ni umbali kati ya wiketi za mpigaji, vile vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, na pale mpira wa mrushaji unapodunda. Kasi ni jambo jingine, na kuelekeza mpira kushoto au kulia ni jambo jingine pia. Lakini mpe pedi ya kuchezea gemu kijana wa Nakuru aliyekulia kwenye gemu za soka, uone atakavyoanza: atachagua mrushaji mwenye kasi kuliko wote, atafinya vitufe mfululizo, na mpira utapigwa sita, yaani utavuka mpaka wa uwanja bila kudunda. Ova nzima ya mipira 6 itamwendea hivyo hivyo, halafu atasema pedi ni mbovu.

Waliocheza kati utotoni, ule mchezo wa kumrushia mpira aliye katikati, wana mazoea mengine ya kuacha. Kwenye kati unamlenga mtu mwenyewe. Kwenye kriketi unalenga ardhi iliyo mbele yake, na ardhi ndiyo inayommaliza.

Pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja, ina mita 20.12 kutoka wiketi hadi wiketi. Mpira wa mrushaji wa kasi ukidunda takribani mita 6 hadi 8 mbele ya mpigaji, hiyo ndiyo lenthi nzuri. Uzuri wake ni kwamba unamgawa mpigaji: akipiga hatua mbele haufikii pale unapodunda, akirudi nyuma unamkuta kabla hajajipanga. Ukidunda miguuni pake ni yoka, mpira mgumu kupiga lakini ukiukosea kidogo tu umempa zawadi. Ukidunda mbali naye, kuelekea katikati ya pichi, unapanda hadi kifuani au kichwani, nao ni baunsa. Warushaji wa spini, wanaouzungusha mpira ili ugeuke ukidunda, hudundisha karibu zaidi na mpigaji kuliko wale wa kasi, maana mpira wao ni wa polepole, na ukidunda mbali anapata muda wa kuuangalia ukigeuka na kuuchagulia pa kuupeleka.

Gemu nyingi zinakuwekea alama kwenye pichi, unaisogeza kwa kijiti cha kushoto. Aina ya mpira unaichagua kwa kitufe. Kisha mrushaji anaanza kukimbia, na hapo ndipo wanaojifunza wengi wanapoharibu: macho yao yanabaki kwenye alama ilhali kazi imeshahamia kwenye kipimo cha kuachia mpira. Kipimo hicho kinajaa haraka, nawe unatakiwa ubonyeze kikiwa kwenye kijani. Mrushaji halisi akiachia mpira mapema, unaenda mbele mno hadi miguuni pa mpigaji au unamfikia kabla ya kudunda. Akichelewa, unagonga ardhi upesi na kuwa mfupi. Gemu zinaiga jambo hilo, kila moja kwa namna yake, kwa hiyo ukikosa kijani usitarajie mpira uanguke ulipoweka alama. Alama ni nia tu. Lenthi unaipata kwenye kidole.

Don Bradman Cricket 14, iliyotengenezwa na Big Ant Studios ya Melbourne, ilikwenda mbali zaidi: kijiti cha kulia kikawa ndio mkono wa mrushaji. Unakivuta chini anaporuka, unakisukuma juu anapoachia, na kwa spini unakizungusha. Ni ngumu mwanzoni, lakini kwa maoni yangu hakuna njia bora ya kuelewa kwamba lenthi na wakati wa kuachia mpira ni kitu kimoja.

Sasa wadakaji, wale wanaosimama uwanjani kudaka na kuzuia mpira. Watu hujifunza kurusha kwanza, wakaahirisha kupanga uwanja kana kwamba ni somo la darasa lingine. Ni uamuzi uleule mmoja. Ukirusha lenthi nzuri nje kidogo ya wiketi, mpira hugusa ukingo wa bati na kupita kando ya mlinda wiketi, anayesimama nyuma ya wiketi, kwa hiyo mweke mtu wa slipi, yaani mdakaji wa kando yake, au wawili. Ukipenda baunsa, mpigaji ataugeuza kwa nguvu upande wa miguu yake, basi awepo mtu mbali huko kwenye mpaka. Yoka hurudi moja kwa moja alikotoka mrushaji, kwa hiyo ziba mbele. Ukitoa mrushaji na mlinda wiketi, una watu 9 tu. Na sheria inabana zaidi: katika mechi za ova 50, ova 10 za kwanza zinaruhusu wawili tu nje ya duara la ndani, lile lililochorwa kuizunguka pichi; katika T20, mechi za ova 20, ni ova 6. Gemu itakukatalia ukijaribu wa tatu. Ndiyo maana baunsa tatu mfululizo mwanzoni mwa mechi ni hasara unayojitafutia.

Mfano wetu mzuri ni Collins Obuya, mrushaji wa spini. Tarehe 24 Februari 2003, pale Gymkhana jijini Nairobi, alichukua wiketi 5, yaani aliwatoa wapigaji 5, kwa mikimbio (alama) 24 tu waliyopata kwa mipira yake, na Kenya ikaishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53 katika Kombe la Dunia. Hakuwa na kasi ya kumtisha mtu. Ukitaka kumwiga kwenye gemu, chagua mrushaji wa spini, udundishe karibu, uache mdakaji mmoja slipi hata kama mkono unakuwasha kumpeleka mpakani.

Kudaka kwenyewe hakuna mengi. Mara nyingi gemu inamkimbiza mdakaji yenyewe, wewe unabonyeza duara linapofika kijani. Kurudisha mpira ndiko kunakohitaji akili, kwa kuwa kuna kitufe cha upande wa mlinda wiketi na kingine cha upande wa mrushaji. Usiangalie mpira, angalia wapigaji wawili wanaokimbia, utupe upande anaokimbilia yule aliye mbali zaidi na mstari wake wa kufikia. Wote wakiwa wameshafika, mpe mlinda wiketi kwa utulivu. Ukitupa kwa nguvu wiketini na nyuma yake hakuna mtu, mpira unapitiliza nao wanaanza kukimbia tena.