Ndani ya jiwe lenye maandishi hamna zebaki

Tunaletewa picha nyingi za mawe yenye alama, na swali huwa lilelile: linauzwa bei gani? Wengine wameshaambiwa na madalali kwamba ni "mali ya Mjerumani", yaani hazina iliyofichwa enzi za ukoloni, na kwamba ndani mna zebaki. Naomba tuelewane. Ndani hamna kitu. Mali yote iko juu, kwenye maandishi.

Askari wa Ufaransa walilikuta Jiwe la Rosetta Julai 1799 karibu na Rashid, Misri, likiwa limejengewa ukutani kwenye ngome kuukuu. Limechongwa amri ya makuhani ya mwaka 196 KK: sifa za Mfalme Ptolemaio wa Tano, kodi za mahekalu. Habari kavu kabisa. Ila imeandikwa kwa hati tatu, yaani hieroglifu (alama za picha za Wamisri wa kale), demotiki (hati yao ya kila siku) na Kigiriki, na Kigiriki wasomi walikijua.

Wengi waliamini kila hieroglifu ni picha ya wazo (hata leo naulizwa hivyo, baada ya miaka 200!). Msomi Mfaransa, Champollion, alihesabu: maneno 486 ya Kigiriki, alama 1,419 za hieroglifu. Hesabu ikakataa: alama zilikuwa nyingi mno kila moja kuwa wazo zima. Majina ya wafalme yalizungushiwa mstari, na humo alama zilibeba sauti. Lakini jiwe lilikuwa limevunjika juu, na katika hieroglifu likabaki jina la mfalme mmoja tu, Ptolemaio. Ilibidi lipatikane jina la Kleopatra kwenye mnara wa jiwe wa Philae, kisiwa cha Misri, ndipo alama za P, O na L zilinganishwe. Mwaka 1822 akatangaza ufumbuzi wake. Sasa wewe unayepasua jiwe kwa nyundo uone ndani, fikiria kipande kile cha juu kilichovunjika.

Msipake chaki wala mafuta. Hata London, linakotunzwa, Jiwe la Rosetta lilijazwa rangi nyeupe kwenye maandishi na kupakwa nta. Liliposafishwa mwaka 1999 ndipo ilipoonekana wazi kuwa si basalti (jiwe jeusi la volkano) kama ilivyodhaniwa.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahusu vitu vilivyotengenezwa au kuchongwa na binadamu kabla ya 1863. Ukikiona, kiache kilipo. Piga picha, andika mahali na tarehe, kisha toa taarifa mapema kwa ofisa wa serikali au makumbusho. Mwenyekiti wa kijiji atakuelekeza kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Kuchimba bila leseni ni kosa, kusafirisha nje bila kibali ni kosa jingine, na kusema "nilikiokota shambani kwangu" hakufuti lolote kati ya hayo.